Bia Kali Nyeusi Iuzwe kwa Glasi Ndogo

Baa nyingi za Afrika Mashariki zina kipimo kimoja cha bia, nacho ni chupa. Mteja huagiza chupa, mhudumu huhesabu chupa, na bili hulipwa kwa idadi ya chupa zilizopangwa mezani. Utaratibu huo haukuzuka bure. Umejengwa juu ya lager, bia nyepesi ya rangi ya dhahabu yenye kilevi cha asilimia 4 au 5, inayotengenezwa ili inywewe baridi na ikate kiu. Kwa bia ya namna hiyo nusu lita ni kipimo cha haki. Lakini viwanda vidogo vya bia, ambavyo Nairobi imekuwa navyo kwa zaidi ya miaka kumi sasa, vimefungua mlango kwa bia za aina nyingine, na miongoni mwake imo bia nyeusi, chungu kwa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia), yenye kilevi cha asilimia 7, 8 na hata zaidi. Ikiachwa ifuate mazoea ya baa zetu, itamiminwa katika bilauri ile ile ya nusu lita, kwa baridi ile ile, na itanywewa kwa mwendo ule ule wa lager. Nasema hilo litakuwa kosa, la ladha na la afya kwa pamoja. Bia hii iuzwe kwa glasi ndogo, na wa kuanza ni wenye viwanda na wenye baa, kabla mazoea hayajaota mizizi.

Tuchukue mtindo unaojulikana kama Black IPA, maana humo ndimo weusi, ukali na uchungu wa hopsi vinapokutana. Asili yake ni Marekani. Greg Noonan, aliyeendesha baa yenye kiwanda chake humo humo, Vermont Pub & Brewery ya mjini Burlington, aliuza bia ya namna hii kwa jina la Blackwatch IPA katika miaka ya 1990. Ilibaki kuwa jambo la wachache hadi mwaka 2007, pale Stone Brewing ya California ilipotoa bia ya kuadhimisha miaka 11 ya kiwanda chake. Ilikuwa nyeusi tititi, yenye kilevi cha asilimia 8.7, na uchungu wa alama 90 katika kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wa bia duniani, kipimo ambacho lager nyingi za kawaida huishia kwenye 20 hivi au chini yake. Kufikia 2010 chama cha Brewers Association kilikuwa kimeupa mtindo huo nafasi yake katika orodha ya mitindo inayotambuliwa. Watengenezaji wa Oregon na Washington, majimbo yanayolima hopsi kwa wingi, walitaka uitwe Cascadian Dark Ale, na ubishi huo wa jina haujaisha hadi leo.

Kwanza tuondoe dhana moja inayowapotosha wanywaji wengi: kwamba weusi wa bia ni dalili ya ukali wake, au ya nguvu na damu inayomwongezea mnywaji. Weusi hutokana na kimea kilichokaangwa, basi. Shayiri huloweshwa, huachwa ichipue, hukaushwa, kisha sehemu yake ndogo hukaangwa kwa moto mkali hadi ifanane na buni iliyokaangwa. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, lililowezesha kukaanga kimea hadi kiwe cheusi bila kukiteketeza kuwa makaa. Tangu hapo mtengenezaji akaweza kutumia kimea cheupe kwa sehemu kubwa ya bia yake na kuongeza kimea cheusi kidogo tu, na pipa zima likabadilika rangi. Ndiyo maana Guinness ya kumiminwa, pamoja na weusi wake wote, ina kilevi cha asilimia 4.2, sawa kabisa na Tusker. Rangi haimwambii mnywaji chochote kuhusu ukali. Anayeogopa bia kwa sababu ni nyeusi anakosea, na anayeamini kwamba bia zote nyeusi ni sawa anakosea zaidi, kwa sababu iliyo mbele yake leo inaweza kuwa na ukali mara mbili ya ile aliyoizoea.

Kwa nini basi bia hii iwe kali? Jibu ndilo linalobeba hoja yangu yote. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, na ndani yake mna utomvu wa manjano wenye asidi chungu pamoja na mafuta yenye harufu. Zikichemshwa na maji ya kimea kwa saa moja au zaidi, asidi hizo hugeuka umbo, huyeyuka na kuacha uchungu. Zikitiwa mwishoni mwa kuchemsha, au ndani ya pipa baada ya bia kuchacha, huacha harufu. Mtengenezaji anayetaka uchungu wa alama 90 hawezi kuuweka juu ya bia nyepesi, kwani utakuwa kama kutafuna gome. Anahitaji utamu na uzito wa kuubeba, navyo hupatikana kwa kuongeza kimea. Lakini kimea kikizidi, sukari nayo huzidi, na hamira huila sukari hiyo na kuigeuza kilevi. Ile isiyoliwa ndiyo inayobaki kuipa bia uzito mdomoni. Kwa hiyo ukali wa bia hii haukuwekwa ili mtu alewe haraka. Umekuja kwa sababu ya mizani kati ya tamu na chungu. Sasa mtu akiinywa kama maji ya kiu, mizani hiyo iliyotafutwa kwa wiki kadhaa inapita kooni bila kuonekana, na kinachobaki ni kilevi peke yake.

Hesabu nayo ni rahisi. Nusu lita ya lager yenye asilimia 4.2 ina takriban gramu 17 za kilevi halisi. Nusu lita ya bia yenye asilimia 8.7 ina gramu 34. Mteja aliyezoea chupa tatu jioni, akihamia bia hii kwa kipimo kile kile, amekunywa sita, na hesabu ya meza bado inasema tatu. Glasi ya mililita 150 ina gramu 10 hivi. Hapo ndipo ukali unapokaa mahali pake, na hapo ndipo ladha inapopata nafasi, maana glasi ya namna hiyo haimhimizi mtu kuimaliza kabla haijapata joto. Inamruhusu akae nayo nusu saa.

Na nusu saa inahitajika. Swali la mhudumu wa Tanzania, “ya baridi au ya moto?”, halina jibu sahihi kwa bia hii. Ikitoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 3 au 4 harufu zake hazipandi, na ulimi uliopigwa na baridi hauonji kitu ila uchungu. Ikiwa na joto la chumba cha Dar es Salaam, kilevi hutawala pua. Inafaa kati ya nyuzi 10 na 13, yaani itolewe kwenye friji na kuachwa mezani kwa muda. Imiminwe kwenye glasi yenye mdomo uliobana kidogo, isijazwe, ili harufu ipate pa kukusanyika. Inywewapo kwenye chupa, nusu ya kazi ya mtengenezaji hupotea, kwa kuwa pua haipati kitu. Povu litakuwa la rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa. Glasi ikiinuliwa kwenye mwanga, ukingo wake huonyesha wekundu wa hudhurungi. Harufu ya kwanza ni ya hopsi: ganda la balungi au chungwa, na nyuma yake utomvu wa msonobari. Kimea cheusi hakisikiki puani mapema; hujitokeza mdomoni, kwa ladha ya kakao, ganda la mkate lililoungua kidogo, na kahawa. Kisha uchungu unapanda, na huu ndio mtihani wa bia yenyewe. Hopsi zina uchungu wao na mkaango una uchungu wake, na vikigongana hutokea ukali wa majivu unaokwaruza ulimi. Watengenezaji makini hukwepa hilo kwa kutumia kimea cheusi kilichovuliwa maganda kabla ya kukaangwa, kwa kuwa ukali mwingi wa kukwaruza hutoka kwenye ganda. Anayeonja polepole hugundua mara moja kama kazi hiyo imefanywa. Anayegugumia hawezi kugundua, na mtengenezaji mzembe hufurahi kuwa na mteja wa namna hiyo.

Wapo watakaosema uchungu wa namna hii si wetu, ni mtindo wa Wamarekani unaoletwa kwa watu wanaopenda bia laini. Ushahidi haukubali. Wachaga hutengeneza mbege kwa ndizi na kimea cha ulezi, na humo hutia gome la msesewe, mti ambao kazi yake katika pombe hiyo ni kuleta uchungu unaokata utamu wa ndizi. Ni kazi ile ile ya hopsi, kwa mti wa Kilimanjaro. Magharibi mwa Kenya busaa huanza na unga wa mahindi unaokandwa, unaachwa uchache, kisha hukaangwa juu ya bati hadi uwe wa hudhurungi na kunukia, ndipo uchanganywe na maji na kimea cha ulezi. Huo ni mkaango unaotoa rangi na ladha kwa njia inayofanana na ile ya pipa la Wheeler. Pwani nako, kahawa chungu hunywewa katika vikombe vidogo sana, pamoja na kashata, na hakuna anayeidai kwa bilauri. Tumeujua uchungu, tumeujua mkaango, na kwa kahawa tumekijua hata kipimo. Kilichobadilisha mazoea ni lager, bia ambayo imetufanya tuamini kwamba bia ni lazima iwe nyepesi na iwe nyingi.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaokumbuka viroba. Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko vya plastiki kuanzia Machi 1, 2017, na sababu mojawapo ilikuwa udogo wa vifuko hivyo: vilifichika mfukoni, vilinunulika kwa sarafu, na vilimfikia hata mwanafunzi. Je, kipimo kidogo si kurudisha balaa lile lile? La, kwa sababu kilichokuwa kibaya ni kipimo kidogo cha kitu kikali sana, kwa bei ndogo, kilichouzwa kila kona bila macho ya mtu. Glasi ya bia hii huuzwa ndani ya baa yenye leseni, kwa mtu aliyekaa kitini, na kutokana na gharama ya kimea na hopsi nyingi bei yake kwa kila mililita haiwezi kuwa chini ya ile ya lager. Si kitu cha kufichwa mfukoni. Hata hivyo tahadhari hiyo ni ya haki, na ndiyo maana bia hii isije ikauzwa kwa tangazo la asilimia zake. Kiwanda kinachoandika ukali kwa herufi kubwa kuliko jina la bia kinawaita wateja wasiotafuta ladha.

Wengine watauliza kwa nini gazeti litoe nafasi kwa kilevi kabisa. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, nami sina la kubishana na hilo. Msomaji asiyekunywa, kwa imani yake au kwa hiari yake, hana sababu ya kuanza kwa ajili ya harufu ya balungi. Lakini bia zipo, wanywaji wapo, na kama madhara huongezeka kadiri kilevi kinavyoongezeka, basi kipimo si jambo dogo hata kidogo. Gramu 10 badala ya 34 ni tofauti inayomhusu pia mke au mume anayesubiri nyumbani, na dereva wa upande wa pili wa barabara.

Upande wa mwenye baa najua atakachosema: glasi ndogo haziingizi fedha. Zinaweza kuingiza, mradi mteja apewe kitu kinachostahili bei yake, na hapo ndipo tarehe inapoingia. Mafuta ya hopsi hupotea upesi kwa joto, hewa na mwanga, na harufu ya chungwa ikiondoka hubaki bia nzito yenye ladha ya karatasi iliyolowa. Stone Brewing walilitambua hilo kiasi kwamba mwaka 2012 walianza kuuza bia ambayo jina lake lenyewe ni tarehe ya mwisho ya kuinywa. Chupa iliyosafiri kwa meli kutoka Marekani na kukaa kwenye ghala la bandarini lenye joto haiwezi kushindana na bia iliyopikwa mtaa wa pili. Ni kweli hopsi hazistawi vizuri kwetu, kwa kuwa zinataka siku ndefu za kiangazi na mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima. Lakini zikikaushwa, zikashindiliwa, zikafungwa bila hewa na kutunzwa baridi, husafiri vizuri kuliko bia yenyewe, na shayiri tunayo Narok na Timau. Kiwanda kidogo cha hapa kina nafasi ya kutoa bia iliyo bora kuliko ile ya kuagizwa. Kiandike ubaoni kwa chaki jina la bia, asilimia ya kilevi, ujazo wa glasi na siku ilipotiwa kwenye pipa, na mhudumu afundishwe kuvisoma vyote vinne kabla hajauliza kama mteja anataka nyingine.