Usiguse Hiyo Ruta

Nimechoka na watu wanaozima ruta usiku. Wazazi, mashangazi, wenye ploti, hata marumeti wa rika langu. Saa nne ikigonga, mtu anapita sebuleni, anainama nyuma ya runinga, anabonyeza swichi, halafu anaenda kulala na roho safi kama aliyelipa deni. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Tokeni zinaisha."

Sawa. Zinaisha. Lakini tokeni ni hesabu, si hisia, kwa hivyo wacha tufanye hesabu.

Geuza adapta ya ruta yako uangalie ile stika ndogo. Nyingi zimeandikwa volti 12, ampea 1. Hiyo ni wati 12 ikiwa imesukumwa hadi mwisho, na ruta ya kawaida ya nyumbani haifiki huko mara nyingi. Tuseme wati 8. Ukiiacha iwake mchana na usiku kwa siku 30, inakula karibu yuniti 5.8. Weka yuniti moja kwa shilingi 30, pamoja na ushuru na yale makato mengine yote yanayojificha kwenye risiti ya tokeni. Ni kama shilingi 173 kwa mwezi.

Sasa wewe unaizima kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Masaa manane. Umeokoa theluthi moja: karibu yuniti 2, yaani shilingi 58 kwa mwezi mzima. Kwa usiku mmoja, bob mbili hazifiki.

Huyo huyo mtu akiamka asubuhi anaingia bafuni, anavuta ile swichi nyekundu ya shawa ya stima. Shawa hizo zinavuta kama wati 5,500. Dakika kumi chini ya maji moto zinameza karibu yuniti 0.9, yaani shilingi 27 hivi. Shawa mbili, na ile akiba ya mwezi mzima ya kuzima ruta imeshateremka na mfereji wa maji machafu. Na hapo bado hajachemsha chai. Birika la stima likijazwa hadi juu linakula karibu shilingi tano mpaka lichemke. Ukilijaza ili upate kikombe kimoja, umechoma ruta ya usiku mbili na nusu ili kupasha maji moto ambayo utayamwaga.

Lakini hakuna anayesimama mlangoni pa bafu na saa mkononi. Hakuna anayemwambia Baba, "Mzee, dakika nne zimetosha, toka." Ruta ndiyo inaonewa, kwa sababu ina taa. Zile taa za kijani zinapepesa gizani na mtu anaziona kama mdomo unaotafuna pesa. Shawa haipepesi. Birika linanyamaza likimaliza. Tumejifunza kuogopa kinachoonekana na kusamehe kinachokula.

Halafu kuna ile hesabu ya pili ambayo watu wa kuzima hawataki kuisikia. Intaneti ya faiba ya nyumbani, kwa wengi wetu, hulipwa kwa mwezi. Si kwa bandozi, si kwa megabaiti. Ukilipa shilingi 3,000 leo, siku ya thelathini inakatika, uwe umeitumia ama umeifungia kabatini. Kuzima ruta hakuongezi hata dakika moja. Yaani umelipia masaa 720 ya intaneti, halafu umetupa 240 kati yake. Shilingi 1,000 za intaneti umezifungia nje ili ubaki na shilingi 58 za stima. Huko ni kuokota peni sokoni huku umeacha mkoba kwenye matatu.

Utaniambia, "Lakini usiku tumelala, nani anaitumia?"

Nani amelala? Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Mimi naishi kwa kuandika. Wateja wangu wengine wako upande wa pili wa dunia. Mtu wa New York akifunga ofisi yake saa kumi na moja jioni, hapa kwetu ni saa sita ama saa saba usiku. Wa California akifunga, hapa ni saa tisa ama saa kumi alfajiri. Na siko peke yangu. Nairobi hii imejaa vijana wanaosikiliza rekodi za Wamarekani na kuzichapa, wanaowekea picha lebo ili mashine zijifunze, wanaojibu wateja wa maduka ambayo hawatawahi kuyakanyaga. Bosi wetu halali wakati sisi tunalala. Kazi ikitumwa saa saba usiku na isijibiwe kwa dakika ishirini, inachukuliwa na mwingine, wa Manila ama wa Lagos, ambaye mamake hajazima ruta.

Wengine ni wanafunzi. Mchana nyumba ina kelele, watoto, runinga, jirani na spika yake. Usiku ndio maktaba yetu. Dada mdogo anapakua noti za muhula mzima akiwa amelala, kwa sababu mchana watu watano wanagawana laini moja. Simu zinahifadhi picha zake usiku. Kompyuta zinajisasisha usiku, na sasisho lisipoingia, ile mianya ambayo wezi wa mtandaoni wanaipenda inabaki wazi. Kamera ya getini, kwa wenye nayo, inategemea ruta hiyo hiyo. Unaizima saa ambayo mwizi anatoka kazini kwake.

Kwa hivyo wacha nilitaje hili jambo kwa jina. Mara nyingi "tokeni zinaisha" si hoja ya tokeni. Ni hoja ya nani ana haki ya kuwa macho. Mtu akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na shati la ofisi, huyo anafanya kazi. Mtu akikaa kitandani saa nane usiku na laptopu kwenye magoti, huyo "anacheza na WiFi". Ukiwa juu ya hayo uliacha chuo kabla ya kuvaa joho, kama mimi, basi swichi inakuwa mahubiri ya kila usiku: lala, amka, utafute kazi ya maana. Kwenye ploti nyingine mambo ni mabaya zaidi. WiFi imo ndani ya kodi, mpangaji ameilipia, lakini ruta imefungiwa kwa mwenye ploti na saa tano inakatwa. Huwezi kulipisha mtu kitu kisha umpangie saa ya kukitumia.

Wana hoja zingine. Nizipitie haraka.

Afya. Ati mawimbi ya WiFi yanaleta saratani ukilala. Ruta ya nyumbani hurusha mawimbi kwa nguvu ya takriban sehemu moja ya kumi ya wati. Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, "huenda". Kundi hilo hilo lina dondoo la majani mazima ya aloe vera. Na anayezima ruta iliyo sebuleni kwa ajili ya mawimbi analala na simu chini ya mto. Akitaka kuogopa, aanze na iliyo karibu na sikio.

Moto. Hapa nakubaliana nusu. Stima inaunguza nyumba mtaani, na hofu hiyo si ya kijinga. Lakini angalia kinachounguza: ekstensheni feki iliyobebeshwa friji, pasi na birika kwa pamoja; soketi iliyolegea; pasi iliyosahaulika. Kama unaihofia ruta, ondoa kile kitambaa cha kushona ulichoifunika nacho. Ruta inahitaji kupumua, haihitaji kupambwa.

Mazingira. Hii inatoka kwa wasomi wenzangu, wale wa chupa za chuma. Nawaheshimu, lakini wanaazima hoja ya nchi zinazochoma makaa ya mawe. Sehemu kubwa ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji ya Tana, na upepo wa Turkana. Mitambo ya mafuta huitwa zaidi jioni, pale sote tunapowasha taa, runinga na birika kwa pamoja. Usiku wa manane matumizi hushuka hadi mvuke mwingine unaachiliwa hewani bila kuzungusha chochote. Ndiyo maana tangu Desemba 2017 viwanda vilianza kupewa bei nafuu vikiongeza matumizi usiku. Ukitaka kuisaidia nchi, usipige pasi saa moja jioni. Ruta ya saa nane usiku haimchafulii mtu hewa.

Kuna nyumba moja ambayo siwezi kuibishia, na haki ni kuitaja. Tangu Aprili 2023, anayetumia wastani usiozidi yuniti 30 kwa mwezi yuko kwenye bei ya chini kabisa, na wastani huo huhesabiwa kwa miezi mitatu iliyopita. Ukivuka, bei ya yuniti zako inapanda. Kama unaishi bedsita na matumizi yako ni yuniti 31, basi hizo yuniti 2 za ruta ni pesa ya kweli. Kama uko hapo, zima, na yeyote asikucheke. Lakini nyumba yenye shawa ya stima na friji haiko hapo. Ilishavuka mstari huo zamani.

Na kama kweli unataka kuzima vitu, nina orodha, tena ndefu.

Zima shawa ukutani ukimaliza, na uoge kwa haraka. Chemsha maji ya kikombe kama ni kikombe unachotaka. Chomoa pasi na birika. Guza mgongo wa king'amuzi chako saa ambayo eti kimezimwa kwa rimoti: kama kina joto, joto hilo ni tokeni, na hakuna anayekihitaji saa tisa usiku. Kizime hicho. Runinga mpya ikilala haina shida sana. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, uliweka kikomo cha nusu wati kwa vifaa vingi vilivyolala kuanzia 2013, na nusu wati ni kama shilingi 11 kwa mwezi. Ya zamani, chomoa.

Ukisafiri wiki nzima na nyumba haina mtu wala kamera, chomoa kila kitu isipokuwa friji, ruta ikiwemo. Na stima ikipotea, kama ilivyopotea nchi nzima Agosti, Novemba na Desemba 2023, hapo ndipo ukimbie kwenye soketi. Stima inayorudi hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua vifaa. Chomoa ruta, runinga, friji, ungoje dakika chache mambo yatulie.

Usiku mwingine wote, iache. Kama tokeni ndizo zinakusumbua kweli, tukae chini na risiti za miezi mitatu na kalamu. Nitalipa hizo shilingi 58, na nitaoga maji baridi Jumamosi na Jumapili. Lakini kabla ya saa nne, niambie ukweli: ni stima unayotaka kuokoa, ama ni mimi unataka nilale?