Jeki Inyanyue, Isishikilie

MTAZAMO WA JUMAMOSI
Na Rajabu Mkumba

Msimu wa mpunga ukifika Kilombero, matela ya trekta hayapumziki. Magunia yanarundikwa kupita kiasi, njia ya shamba imejaa mashimo, na mwisho wake ekseli inapinda. Mwenye tela analivuta hadi uani kwa fundi, anabishania ufundi mpaka shilingi ya mwisho, kisha anataka kazi iishe kabla ya magharibi.

Hapo ndipo roho ya mtu inapowekwa rehani. Tela la ekseli moja ukilivua ekseli, umelivua na magurudumu yote. Kinacholizuia lisimwangukie fundi ni kile tu alichokiweka chini ya chesisi, na katika gereji nyingi za uani kitu hicho ni jeki ya mafuta na matofali ya saruji.

Kazi ya jeki ni kunyanyua. Sili zikichoka, mafuta yanavuja nayo inashuka bila kuaga. Tofali nalo hustahimili ukutani kwa kuwa uzito umetandazwa juu yake. Likikaliwa na ukingo wa chuma, hupasuka ghafla.

Mafundi wanayajua haya. Ukiwauliza watakwambia stendi za kushikilia tela ni ghali na mteja ana haraka. La kwanza lina dawa: vipande vinene vya mbao ngumu, vikipangwa msalaba safu juu ya safu kwenye ardhi ngumu, hubeba tela tupu vizuri. Mzigo ushushwe wote, ulimi wa tela uegemezwe usicheze, chesisi ikalishwe pande zote mbili, kisha tela lisukumwe ubavuni kwa nguvu kabla mtu hajaingiza hata mguu. Likitikisika, lipangwe upya.

Haraka ndiyo inayoleta madhara mengine. Wakati wa kupachika ekseli mpya, fundi anayeharakishwa hulitafuta tundu la springi kwa kidole. Chuma kikiteleza, kidole kimekwenda, ilhali kipande cha nondo kingetosha. Boliti za U za zamani, zilizokwisha kuvutika, zinarudishwa ili kubana matumizi. Nati hazikazwi tena baada ya safari fupi ya kwanza, na springi inalegea njiani.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, na mzigo mkubwa wa wajibu imemtwisha mwajiri. Fundi wa uani hana mwajiri, ana mteja. Ndiyo maana siwezi kumlaumu yeye peke yake tela likimwangukia. Aliyekata bei hadi stendi zikakosa nafasi, na aliyesimama pembeni akihimiza, naye ana sehemu yake.

Basi, mwenye tela, kabla hujatoa malipo ya awali uliza: "Fundi, tela litakalia nini?" Akikuonyesha jeki, ongeza fedha ya mbao, au peleka tela lako kwingine.