Godoro la upepo si tairi la baiskeli!

Wadau, nimechoka. Godoro la upepo likitoboka hapa hosteli, watu mbio kwenye gundi ya pancha ya baiskeli. Jamani, ile ni ya mpira, godoro ni plastiki ya PVC! Saa nane usiku kiraka kimebanduka, anayebebwa yuko sakafuni.

Paka maji ya sabuni. Panapotoa mapovu ndipo penye tundu, weka alama. Toa upepo, futa kwa spiriti, pakauke, bandika kiraka cha PVC kwa gundi yake, kandamiza na vitabu mpaka kesho (Saikolojia ya Elimu itafaa, ni nzito).

Halafu likinuka uvundo mnamsema mgeni, eti haogi! Kwani yeye ndiye aliyelikunja likiwa bichi?