Kabini ni Mahali pa Kazi: Baridi ya Malori ya Jeshi Isiwe Mzigo wa Dereva



Tajiri wa lori akiombwa atengeneze hita ya kabini, jibu lake huwa ni lile lile: Uganda iko kwenye ikweta, hita ya nini? Baadhi yetu tumeanza kuliamini jibu hilo, tukanunua koti zito na blanketi kwa pesa zetu wenyewe, tukanyamaza. Katika ukurasa huu tunataka kulijibu, maana dereva anaumizwa na baridi, kisha anaambiwa kwamba baridi yenyewe haipo.

Ni kweli ikweta inapita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, na kila siku tunaivuka. Lakini ikweta hiyo hiyo inapita pia karibu na Timboroa, kati ya Nakuru na Eldoret, na huko barabara iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Dereva aliyepakia mzigo Mombasa akiwa na shati jepesi, akifika Timboroa usiku atakuta hewa imepungua joto kwa nyuzi 16 au zaidi. Kampala iko karibu mita 1,200, na Kabale karibu mita 2,000. Anayetoka Kabale kwenda Kisoro kwa kupitia Kanaba alfajiri ya mwezi Julai hahitaji kuelezwa baridi ni nini. Kwa hiyo anayetaka kujua kama hita inahitajika aangalie urefu wa mlima. Ikweta haitamwambia lolote.

Leo tunazungumza hasa juu ya malori yaliyokuwa ya jeshi, yale yanayouzwa kwa mnada huko Ulaya baada ya kumaliza utumishi wake. Jeshi la Uingereza, kwa mfano, lilitumia Bedford za tani 4 kwa miaka mingi, kisha kuanzia mwaka 1990 likaanza kuzibadilisha kwa Leyland DAF. Lori la namna hii lina nguvu, chasisi yake ni ngumu, na magurudumu yake yote yanavuta. Katika barabara za udongo za milimani, mvua ikinyesha, lori la kawaida hukwama na hili hupita. Hatulikatai. Tunasema tu kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya askari aliyevaa koti, buti na glovu za serikali. Halikutengenezwa kwa dereva wa mshahara anayelala ndani yake usiku baada ya usiku.

Tazameni kabini yake. Mabati ni membamba na ndani hayana bitana. Juu ya paa mara nyingi kuna tundu la mviringo ambalo askari alisimama akachungulia, na mfuniko wake leo hauzibi vizuri. Sakafu ina matundu ya gia, ya pedali na ya nyaya, na raba zake zimekauka zikapasuka. Mipira ya milango imeliwa na jua. Hita ikiwapo, ni ndogo. Lori likienda kilomita 60 kwa saa, upepo unaingia kwa nguvu kuliko hita yoyote inavyoweza kupasha.

Kuna watakaosema kwamba baridi ni jambo la kuvumilia. Sisi tunasema baridi huua kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kioo. Pumzi ya watu wawili ndani ya kabini baridi hugeuka kuwa ukungu kwenye kioo cha mbele. Hita ikifanya kazi, hewa yake ya moto hupanda kwenye kioo na kukisafisha. Isipofanya kazi, dereva anafuta kwa kitambaa huku mkono mmoja umeshika usukani, na mbele yake kuna kona, kuna ukungu wa nje, na kuna wenye baiskeli.

Njia ya pili ni mwili wenyewe. Vidole vikifa ganzi havisikii breki. Na mtu aliyetetemeka usiku kucha bila usingizi ataupata usingizi huo asubuhi, akiwa barabarani.

Njia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni sigiri. Dereva na utingo wakizidiwa na baridi, huingiza ndani ya kabini sigiri yenye makaa yaliyowaka vizuri, wakafunga milango na kulala. Wanadhani kwa kuwa makaa hayatoi moshi, hakuna hatari. Makaa yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, huhisi kichefuchefu na uzito wa usingizi, naye hudhani ni uchovu wa safari. Haamki. Kuacha kioo wazi kidogo hakutoshi kumwokoa. Tunalisema kwa herufi kubwa: SIGIRI ISIINGIE KATIKA KABINI, HATA KWA DAKIKA CHACHE. Vivyo hivyo kuiacha injini ikiunguruma usiku kucha ili kupata joto. Injini ya dizeli ikiunguruma bila mzigo hutoa joto kidogo sana, huteketeza mafuta, na kama bomba la moshi linavuja, moshi huo utapanda kupitia matundu yale yale ya sakafu tuliyoyataja.

Sasa tuseme juu ya gereji zetu, maana humo ndimo chanzo kimoja cha baridi hii kilimo. Mafundi wa Kisekka, Katwe na Ndeeba ni watu wa akili na mikono mepesi, na bila wao malori mengi yangekuwa vyuma chakavu. Lakini kuna desturi moja ambayo hatuna budi kuipinga, nayo ni kutoa thamostati na kuitupa. Lori likichemsha kwenye mlima, fundi husema thamostati ndiyo inayozuia maji, basi anaitoa. Tajiri anafurahi kwa sababu kazi imekwisha upesi. Mara nyingi kilichokuwa kinachemsha injini ni rejeta iliyojaa matope na kutu, kwa kuwa miaka yote imewekewa maji ya dimbwi badala ya kulanti. Ugonjwa umebaki, na dawa ya hita imetupwa.

Hita haina moto wake yenyewe. Ni rejeta ndogo ndani ya kabini inayopitishwa maji ya moto ya injini, na feni inapuliza hewa juu yake. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yafike kama nyuzi 80 hivi. Ukiitoa, injini haipati moto wake, hasa usiku milimani, na hita nayo hupuliza upepo baridi. Tajiri asidhani kwamba hasara hii ni ya dereva peke yake. Injini ya dizeli inayokwenda baridi hula mafuta mengi zaidi, dizeli isiyoungua huteremka na kuchafua oili, na silinda huchakaa kabla ya wakati. Katika injini nyingine, ukitoa thamostati maji huzunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta, na lori huchemsha kuliko mwanzo.

Haya basi ndiyo tunayotaka yafanywe katika kila lori la jeshi kabla ya kukabidhiwa dereva, na yote yanaweza kufanyika hapa hapa Kampala.

Kwanza, rejeta isafishwe, thamostati sahihi irudishwe, na maji yawe na kulanti.

Pili, hita ikaguliwe. Injini ikipata moto, shikeni ile mipira miwili ya maji inayoingia na kutoka kwenye hita. Ikiwa yote ni ya moto, maji yanapita, na kasoro iko kwenye feni au njia ya hewa. Ikiwa mmoja ni wa moto na mwingine baridi, hita imeziba, au koki yake imefungwa, au kuna hewa ndani inayotakiwa kutolewa. Ikiwa yote ni vuguvugu tu, tazameni thamostati. Mabomba ya hita ni membamba, kwa hiyo matope huziba hapo mapema. Na feni ikibadilishwa, fundi akumbuke kwamba malori haya ya jeshi hutumia umeme wa volti 24. Feni ya gari dogo ya volti 12 itaungua.

Tatu, matundu yazibwe. Gia na pedali ziwekewe raba mpya, milango iwekewe mipira mipya, na mfuniko wa paa uwekewe gasketi. Kazi hii ndiyo rahisi kuliko zote, nayo huleta faida kubwa kuliko hita mpya. Kuongeza hita katika kabini yenye matundu ni kumwaga maji kwenye ungo.

Nne, sakafu, milango na ule ukuta unaotenganisha injini na kabini viwekwe bitana. Mpira mzito chini na felti juu yake hufaa. Sponji ya magodoro isitumike karibu na injini, kwa sababu hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Tunamwomba tajiri aangalie jambo hili kwa makini: bitana inayozuia baridi ya Kabale ndiyo hiyo hiyo inayozuia joto la injini mchana kule Tororo na Mombasa. Fedha ni moja, faida ni mbili.

Tano, bomba la moshi likaguliwe kila serviisi, kutoka kwenye injini mpaka mwisho wake.

Sita, lori ambalo dereva hulala ndani yake milimani lifungwe hita ya pekee inayochoma dizeli kidogo injini ikiwa imezimwa. Hita hizo zipo, na ni za kawaida katika malori ya nchi za baridi. Lakini ifungwe na fundi anayeijua: ivute hewa ya kuchomea kutoka nje na moshi wake utoke nje mbali na milango. Ikifungwa vibaya itakuwa sigiri nyingine.

Sasa nani alipe? Hapo ndipo penye mvutano. Tunasikia madereva wakiambiwa kwamba raba za milango wajinunulie kutoka kwenye posho ya safari. Hapana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa mfanyakazi kazini, na kwa dereva mahali pa kazi ni kabini. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unaeleza kwamba hatua za usalama na afya kazini hazitamgharimu mfanyakazi. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inatakiwa kuziheshimu hata kama haijauridhia. Thamostati moja ni bei ndogo ukilinganisha na tairi moja. Tajiri anayenunua tairi ili mzigo ufike hawezi kusema hana thamostati ya kumfikisha dereva.

Wengine watasema kabini si nyumba, dereva akalale gesti. Tungependa sana, na posho ya kulala ni haki tunayoendelea kuidai. Lakini foleni za mpakani zinajulikana. Mwaka 2020 wakati wa korona, na tena Januari 2022, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Malaba. Mpaka wa Katuna ulipofungwa Februari 2019, mpaka ulipofunguliwa mwisho wa Januari 2022, malori yaligeuzwa kwenda Mirama Hills. Katika siku kama hizo nani ataacha mzigo wa tajiri barabarani akalale gesti? Kabini ilikuwa nyumba, jiko na kituo cha ulinzi, na hakuna aliyelipwa ziada kwa kuilinda.

Kwa hiyo tunatoa mwito wa mambo matatu. Wawakilishi wetu waliingize suala la kabini katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, liandikwe kwa maneno wazi: hita inayofanya kazi, kabini iliyozibwa, bomba la moshi lisilovuja, gharama juu ya mwajiri. Mafundi, ambao wengi wao ni wafanyakazi kama sisi, wakatae kutoa thamostati bila kumweleza tajiri kwa nini lori linachemsha. Na kila dereva aandike kasoro ya hita na ya bomba la moshi katika kitabu cha gari kabla ya kuondoka, atie sahihi, abaki na nakala. Neno la mdomo husahauliwa, na ajali ikitokea tajiri atasema hakuambiwa.

Ndugu zetu wazee wa barabara hii wana haki ya kusema kwamba walipanda Timboroa na gari lisilo na mlango. Tunawaheshimu kwa ushujaa wao. Lakini chama hakikuundwa ili kila kizazi kiteseke sawa na kilichotangulia. Yale malori yameshatoka jeshini, na dereva wake si askari. Apewe kabini ya mfanyakazi.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.