Aliyekuwa Malishoni: Utafiti wa Maoni na Dhamiri ya Mpiga Kura

Nabii Samweli alipofika Bethlehemu kumtafuta mfalme miongoni mwa wana wa Yese, alimwona Eliabu, mzaliwa wa kwanza, akavutiwa na sura na kimo chake. Moyoni alidhani kazi imekwisha. Wana saba walipitishwa mbele yake, wala hakuteuliwa hata mmoja wao. Alipouliza kama wamesalia wengine, aliambiwa kwamba yupo mdogo wao, naye yuko malishoni na kondoo. Huyo ambaye hakuna aliyemhesabu ndiye aliyepakwa mafuta (1Sam 16:1-13).

Simulizi hili limenirudia nikifuatilia chaguzi mbili za ugavana katika jimbo la New Jersey, Marekani. Zina funzo kwa kila muumini anayesikia redioni kwamba mgombea fulani “anaongoza”, ilhali siku ya kupiga kura ingali mbali.

Mnamo Agosti 2021, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Monmouth, chenye makao yake jimboni humo, kilitangaza kwamba Gavana Phil Murphy wa chama cha Democratic alikuwa na asilimia 52, naye mpinzani wake, Jack Ciattarelli wa Republican, asilimia 36. Septemba pengo lilikuwa pointi 13, na Oktoba pointi 11. Wengi waliona shauri limekwisha. Kura za Novemba 2 zilipohesabiwa, usiku ulipita bila mshindi kutangazwa. Hatimaye Murphy alishinda kwa pointi 3 na ushei, yaani takriban kura 84,000 kati ya milioni 2.6.

Aliyeongoza utafiti ule, Patrick Murray, hakujificha nyuma ya takwimu zake. Siku chache baada ya uchaguzi aliandika makala akikiri waziwazi kwamba alikosea. Aliziomba radhi kambi zote mbili, kwa kuwa takwimu zisizo sahihi huathiri michango ya fedha na juhudi za kuwahamasisha wapiga kura. Zaidi ya yote, aliwaomba radhi wananchi kwa kupewa taarifa iliyowapotosha.

Miaka minne baadaye kosa liligeuka upande. Ciattarelli aligombea tena, safari hii dhidi ya Mikie Sherrill wa Democratic. Mwanzoni mwa Julai 2025, utafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers ulimpa Sherrill asilimia 51 na Ciattarelli 31. Kufikia mwisho wa Oktoba tafiti nyingi zilionyesha kwamba pengo limepungua, na mmoja wao ulilifikisha pointi 1 tu. Novemba 4 Sherrill alishinda kwa zaidi ya pointi 13. Watafiti waliompunja Ciattarelli mwaka 2021 sasa walikuwa wamemkweza kupita kiasi.

Kwa nini hutokea hivi? Mtafiti hawezi kuwahoji wananchi wote, hivyo huchagua sampuli. Akiwahoji watu 1,000 kwa njia sahihi, asilimia anayompa kila mgombea inaweza kupotoka kwa takriban pointi 3, juu au chini. Pengo kati ya wagombea wawili basi laweza kupotoka kwa karibu mara mbili ya hapo. Huo ni upungufu wa kawaida wa hesabu, na watafiti waaminifu huutaja.

Lakini upo upungufu mwingine ambao hesabu hiyo haiugusi. Kwanza, wengi hawajibu. Kituo cha Pew cha Marekani kiliripoti kwamba mwaka 1997 tafiti zake za simu zilipata majibu kwa asilimia 36, na mwaka 2018 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 6. Pili, si kila anayejibu atapiga kura. Mwaka 2021 ni takriban asilimia 40 tu ya waliojiandikisha New Jersey waliopiga kura. Mtafiti akikosea kukisia ni nani watakaojitokeza, hesabu yote huenda kombo hata kama kila jibu alilopewa lilikuwa la kweli. Tatu, utafiti wa mapema huwakuta wengi wakiwa bado hawajaamua. Ukijumlisha 51 na 31 za Julai 2025, utaona kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano hakuwa amemchagua yeyote kati ya wawili hao. Kama nyumbani kwa Yese, yupo aliye malishoni ambaye bado hajaitwa.

Kanisa halipingi utafiti. Katekisimu hufundisha kwamba habari zinazotolewa na vyombo vya mawasiliano zipo kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba jamii ina haki ya kupewa habari zilizojengwa juu ya ukweli, uhuru, haki na mshikamano (KKK 2494). Takwimu nayo ni neno linalosemwa kwa jirani, hivyo Amri ya Nane inaihusu. Anayeipika ili kumjenga mgombea anasema uongo, na anayeisambaza bila kuuliza ilikotoka anamsaidia. Aliyekosea kwa nia njema kisha akakiri hadharani, kama alivyofanya Murray, ametenda jambo ambalo twalihubiri kila Kwaresima na ambalo ni adimu katika siasa.

Hatari kubwa zaidi imo ndani yetu wenyewe. Aliyeambiwa kwamba mtu wake ameshinda hubaki nyumbani kwa kujiamini, naye aliyeambiwa ameshindwa hubaki nyumbani kwa kukata tamaa. Wa tatu huhama ili asiachwe nje siku ya kugawana minofu. Hivyo mgombea mwadilifu huachwa kwa kuwa “hana namba”, na namba zake hukosekana kwa kuwa ameachwa. Katekisimu huhesabu kupiga kura miongoni mwa wajibu wa kimaadili wa raia (KKK 2240). Wajibu huo hauwezi kutimizwa na watu elfu moja waliopokea simu kwa niaba yetu.

Kwetu Kenya, kaunti 47 zitachagua magavana mnamo Agosti 10, 2027, na majina ya “wanaoongoza” hutangulia kutajwa mapema. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni humtaka mchapishaji aeleze utafiti ulifanywaje na nani aliugharimia, na hukataza matokeo kuchapishwa katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Basi tuitumie haki hiyo. Taarifa ya namna hii ikisomwa katika jumuiya ndogondogo, tuulize: nani alilipa? Wangapi walihojiwa, lini na wapi? Wangapi hawajaamua? Kisha tuyarudie maswali ambayo utafiti hauwezi kuyajibu: mgombea huyu amezitunzaje mali za umma? Mgonjwa wa zahanati ya kijijini atamkumbuka kwa lipi?

Mwaka 1981, katika New Jersey hiyohiyo, Thomas Kean alimshinda James Florio kwa kura 1,797 kati ya zaidi ya milioni 2.3. Idadi hiyo zipo parokia zetu zinazoijaza katika Misa za Dominika moja. Kama waamini wa parokia moja ya namna hiyo wangebaki nyumbani kwa kuambiwa kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa, wao wenyewe ndio ambao wangekuwa wameyaamua.