Kamera ya Msikiti na Mvua za Tabora

Ndugu Waislamu, kamera ya ulinzi hununuliwa kwa sadaka za waumini. Kuiacha iharibiwe na maji ni kupoteza amana. Hapa Ng'ambo vumbi la kiangazi hutangulia, kisha mvua za Novemba hadi Aprili. Panapoharibika kwanza ni kwenye kiungio cha waya. Kifungiwe katika kisanduku chenye alama ya IP66: tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ya maji. Tepu ya kawaida haitoshi, kwani jua huibandua. Kabla ya kuingia ukutani, waya uning'inie chini ya tundu ili matone yadondokee nje. Tundu lizibwe kwa silikoni. Na kamera itazame mlango wetu, si ua wa jirani.