Nagenda: Mpira wa Kasi, Kalamu ya Moto

Huku Kasese na Bwera, penye uwanja mtupu pana mpira wa miguu. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe ilileta mambo mengi, lakini kriketi haikushika mizizi. Kwa hiyo si ajabu kwamba Juni 2024, timu yetu ilipotolewa na New Zealand kwa mikimbio 40 tu huko Trinidad, walikuwako waliosema kwamba tumejitia katika mchezo usio wetu. Wenye kusema hivyo wamsahau John Nagenda.

Nagenda alikuwa mrusha mpira wa kasi. Alizaliwa Gahini, Rwanda, mwaka 1938, mwana wa William Nagenda, mhubiri mashuhuri wa uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki. Tarehe 7 Juni 1975, akiwa na umri wa miaka 37, umri ambao warushaji wengi wa kasi wamekwisha kustaafu, aliichezea Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza, mjini Birmingham. Wapinzani walikuwa New Zealand hao hao. Glenn Turner peke yake alipata mikimbio 171 bila kutolewa, na timu yake ikafikisha 309. Nagenda alirusha ova 9, akatoa mikimbio 50, akapata wiketi 1. Afrika Mashariki ilijibu kwa 128, ikashindwa. Hiyo ndiyo mechi yake pekee ya kimataifa ya ngazi hiyo.

Yafaa kukumbuka timu ile ilivyokuwa. Iliunganisha Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na wachezaji wake wengi walikuwa wenye asili ya Kiasia. Miaka mitatu tu kabla yake, Idi Amin alikuwa amewapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Nagenda na Sam Walusimbi, Waganda wawili weusi, walisimama uwanjani bega kwa bega na watu wa jamii ambayo serikali ya kwao ilikuwa imeifukuza.

Lakini ubishi uliomfuata Nagenda haukutokana na mpira. Mwaka 1986 aliteuliwa mjumbe wa Tume ya Jaji Arthur Oder, iliyochunguza uvunjaji wa haki za binadamu tangu uhuru wa 1962 hadi Januari 1986. Kazi ya tume hiyo ilikuwa kuwasikiliza wananchi wakieleza waliyotendewa, mara nyingi na watu waliovaa sare. Sisi ambao kazi yetu ni kulisemea jeshi hatuna budi kukiri jambo hilo pasipo kigugumizi: hata chuki ya Waganda wengi kwa Kiswahili, lugha ya ukurasa huu, ilizaliwa katika vizuizi vya barabarani vya miaka ile.

Baadaye akawa mshauri mwandamizi wa Rais Museveni katika mambo ya habari, na papo hapo mwandishi wa safu ya kila Jumamosi katika gazeti la serikali. Hapo ndipo watu walipogawanyika. Wako waliomwona msemaji wa ikulu aliyejivika joho la mwandishi huru. Wengine walimsifu kwa kuwa aliweza kuwachoma hata wakubwa wa upande wake. Kwa maoni yangu, kosa lake lilikuwa kupenda mno kumlenga mtu badala ya hoja, kama mrushaji anayetafuta mbavu za mpigaji na kuisahau wiketi. Hata hivyo aliweka jina lake chini ya kila neno, na waliochomwa walijua pa kujibu. Msemaji anayejificha nyuma ya tamko lisilo na jina hana haki ya kumcheka.

Nagenda alifariki tarehe 4 Machi 2023. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, mjini Windhoek, Uganda iliishinda Rwanda, nchi alikozaliwa, ikapata tiketi ya Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza chini ya bendera yake. Na kabla ya aibu ile ya mikimbio 40, ilikuwa imekwisha kuifunga Papua New Guinea. Siku hiyo Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova 4 akatoa mikimbio 4 tu, na wiketi 2 juu yake.